Nyanya Alisema Gabbar Alikufa

Kabla sijaiona filamu ya Kihindi ya Sholay kwa macho yangu nilikuwa nimehadithiwa mara nisizoweza kuhesabu. Umeme ukikatika kwetu Kibokoni, Mombasa, na siku hizo ulikatika sana, nyanya alikuwa akivuta mkeka hadi karibu na mlango penye upepo, anakaa, anauliza: "Leo mwataka ya nani?" Na sisi wajukuu kwa sauti moja: "Ya Thakur!"

Alijitanda leso mabegani, akaanza. Thakur, afisa wa polisi wa zamani, treni, majambazi, vijana wawili wezi wenye roho nzuri, sarafu ya Jai inayorushwa kila penye shaka. Tulimpa shilingi airushe. Kisha Gabbar, mkuu wa majambazi, anawauliza watu wake walikuwa wangapi wale waliowashinda, anacheka, nao wanacheka, halafu anawamaliza. Nyanya alikicheka kicheko hicho hadi jirani akagonga ukuta.

Ndipo ikaja sehemu yenyewe. "Bunduki i miguuni pake Thakur," nyanya husema, "wale vijana wampigia ukelele, turushie! Naye kasimama kama gogo. Yuwatazama tu. Mtu gani huyu?" Hapo alitikisa bega moja. Leso ikaporomoka, na mikono ya dera lake ikaning'inia mitupu, maana ya kwake mwenyewe alikuwa ameshaiingiza ndani akaikunja kifuani tangu hadithi ilipoanza kunoga, mbu wakimla asijikune. Tulipiga mayowe. Tulijua inakuja, na kila mara tulipiga.

Mwisho wa hadithi ulikuwa ni huu: Thakur, aliyekatwa mikono miwili na Gabbar, alipigiliwa misumari kwenye soli za viatu, akamuua Gabbar kwa miguu. Kisha akalia. "Akalia, babangu," nyanya alisema, "na mikono ya kujipangusa mato hana."

Nikiwa na miaka kumi na tatu binamu yangu alikodi kanda ya video, tukakaa saa tatu na zaidi mbele ya televisheni ya inchi kumi na nne. Kila kitu kilikuwapo. Viatu vya misumari vilikuwapo. Lakini Thakur anapotaka kummaliza Gabbar, polisi wanatokea wanamwambia aiachie sheria, naye anaacha. Gabbar anatiwa pingu. Nilirudi nyumbani mbio kama niliyedhulumiwa.

"Nyanya, umetudanganya. Gabbar hakufa."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Hiyo yenu imekatwa," akasema.

Tulibishana kuhusu jambo hilo mpaka uzee wake. Nitalirudia.

Watu wananiuliza, kwa kuwa napenda mno kusema juu ya filamu, napimaje ipi nzuri na ipi mbaya. Wengine wana nyota tano, wengine wana asilimia. Mimi nina mkeka wa nyanya. Swali langu ni moja: je, filamu hii inahadithika? Ukimkalisha mtu gizani usimwonyeshe chochote, ukamweleza kwa mdomo wako na leso yako, atakaa? Atauliza "kisha?" Ikiwa haulizi hivyo, basi uliyemlipia tikiti alikuwa fundi wa kompyuta wala si msimulizi.

Najua kipimo hiki kina tundu. Nitakionyesha mwenyewe kabla hamjanionyesha. Ile filamu ya Wong Kar-wai ya mwaka 2000, In the Mood for Love, naipenda kuliko nyingi. Hong Kong, mwanamume na mwanamke majirani, mume wa huyu na mke wa yule wanatembea pamoja, na hawa wawili waliobaki wanapishana ngazini, mama wa watu na chombo chake cha tambi mkononi. Nilijaribu kumhadithia nyanya.

"Wakafanyaje?"

"Hawakufanya kitu."

"Hata kidogo?"

"Walipishana tu, nyanya. Na mvua ikanyesha."

"Basi wewe umetazama nini masaa yote hayo?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kuna filamu ambazo ni kama harufu ya udi: ukimweleza mtu hujamweleza. Nazikubali hizo. Ila ni chache, na kwa kila moja ya namna hiyo kuna mia zinazojifanya ni udi kumbe ni moshi tu.

Nyanya alizipata hadithi zake kwenye majumba ya sinema ya mji huu, Regal, Naaz, na mengineyo ambayo leo mtu hupita mbele yake asijue palikuwa na nini. Alikuwa akituambia habari za siku za wanawake peke yao: mabuibui kochokocho mlangoni, watoto wa kunyonya ndani, kachiri na njugu mkobani, na leso ya ziada kwa sababu utalia tu. Aliniambia kwamba nusu ya raha ilikuwa kulia mahali ambapo hakuna mume wa kukuuliza unalilia nini.

Kihindi hakukijua. Lakini sikiliza ujanja wake. Alikuwa akinasa maneno ambayo sisi na wao tumeyachota kisima kimoja, Kiarabu na Kiajemi: duniya, waqt, khabar, kitab, maut. Dunia, wakati, habari, kitabu, mauti. Ukiyapata hayo matano na uso wa mwigizaji Nargis, aliniambia, umeshafahamu filamu yote. Na mimi leo nikitazama filamu ya Kihindi nazima maandishi ya chini dakika kumi za mwanzo, nione kama nyuso zinajitosha. Mother India ya 1957 inajitosha. Za siku hizi nyingi hazijitoshi, kwa sababu kamera haikai usoni mwa mtu hata ukamsoma. Unamwona, kashatoka.

Halafu kuna nyimbo, na hapa mtu wa Mombasa ana haki kuliko wengi ya kusema. Wimbo wa filamu ulishuka hapa ukavuliwa maneno yake ukavishwa mashairi ya Kimvita, ukaingia harusini. Fundi wa kazi hiyo alikuwa Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, aliyefariki mwaka 2014. Sauti ile, tabla ile, na chini yake ushairi uliosimama kwa vina na mizani, na mafumbo ambayo ukiwa mlengwa ulijijua. Mimi nilikulia kwenye kanda za Bhalo kabla sijazijua filamu. Matokeo yake ni kwamba kila nilipotazama filamu ya zamani na wimbo ukaanza, nilishtuka: hawa Wahindi wamemwibia Bhalo! Niliamini hivyo mpaka nikawa mtu mzima wa ndevu. Na Zein l'Abdin, mwimbaji mwenzake, aliyeshika udi wake wa nyuzi na kutunga tuni za kwake za upande wa Kiarabu, alikuwa na wafuasi waliowadharau watu wa Bhalo kwa hilo hilo la kuazima. Mabaraza yaligawanyika. Kwetu tulikuwa wa Bhalo, na sitaki ubishi.

Nikiwa hapo hapo kwenye nyimbo, niruhusuni malalamiko kidogo juu ya Mughal-e-Azam. K. Asif aliitoa mwaka 1960, filamu nyeusi na nyeupe, mfalme Akbar, mwanawe Salim, na Anarkali mchezaji ngoma wa ikulu. Unakaa saa na saa ndani ya rangi ya majivu. Kisha Anarkali, ambaye ni Madhubala, anasimama mbele ya mfalme kuimba kwamba aliyependa ana hofu gani, na picha inageuka rangi. Vioo vya dari vinamchukua mamia ya mara, mfalme akitazama juu anamwona yeye kila kipande. Nyanya alituambia kwamba ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja. Mwaka 2004 wakaitia rangi filamu yote, mwanzo hadi mwisho. Kazi ya kitaalamu, sikatai. Lakini ukishaipaka rangi saa zote zile za kabla, ule ukumbi wa vioo unabaki kuwa ukumbi wa vioo. Ni kama mtu kakwambia mwisho wa kitendawili kabla hajatega. Nilimwonyesha nyanya hiyo mpya kwenye kompyuta, akatazama kwa adabu, akauliza, "Mbona rangi zimekuja mapema?"

Waliokuja baada ya nyanya walikuwa na banda la video. Mabati, mabenchi, jasho, televisheni juu ya kabati lenye kufuli, na filamu za ngumi. Huko ndiko nilikojifunza neno steringi, yaani shujaa wa filamu, na sheria yake kuu: steringi hafi. Enter the Dragon ya 1973 niliiona humo, miaka mingi baada ya Bruce Lee mwenyewe kufa Julai ya mwaka huo huo, na hakuna aliyekubali kwamba kafa, kwa kuwa steringi hafi. Na humo ndimo ilimokuja sauti ya mtu wa kutafsiri. Kenya nzima inamjua DJ Afro, anavyoingia juu ya filamu na kuwapa Wachina na Wamarekani majina ya mtaani na maneno ambayo hawakuyasema. Wenye kujiona wasomi wanasema anaharibu filamu. Mimi nasema ni nyanya yangu huyo, tofauti ni kipaza sauti. Anahadithia. Filamu ikilegea anaishika mkono, ikiwa nzuri ananyamaza. Msikilizeni vizuri anaponyamaza, mtajua anajua kazi.

Si bure basi kwamba filamu mbili za Kenya ninazozipenda kuliko zote zinaanzia hapo. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, 2012: Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu, na ili auze anaziigiza mwenyewe mbele ya wateja, anajirusha, anakufa, anainuka. Kabla hajafika Nairobi akaibiwa kila kitu tumeshampenda, kwa sababu anahadithia. Na Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018: Jo, mtoto wa kike aliye mgonjwa wa kufa, anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kijiji chote kinaungana kumtengenezea yake. Kuna mle ndani jamaa anayeonyesha filamu kijijini na kuzitilia maneno. Niliitazama nikiwa peke yangu na nikashukuru kwamba niko peke yangu. Nilifahamu habari ya leso ya ziada.

Sisi wa Pwani tukionyeshwa kwenye televisheni, hata hivyo, ni msiba mwingine. Kuna muundo, mnaujua. Drama "ya Pwani" lazima iwe na kanzu iliyopigwa pasi mno, chetezo kinachofuka, tajiri mwenye wake wawili, na jini. Jini hakosi. Na Kiswahili chenyewe! Mke wa Mombasa anamuuliza mumewe, "Je, umekwisha kula chakula cha mchana, mpenzi wangu?" kama aliyesimama mbele ya mtahini. Mke wa Mombasa husema "Ushakula?" na ukimchelewesha jibu anafunika sahani. Nakumbuka tamthilia ya Tausi ya KBC miaka ya 90, jinsi tulivyojazana nyumba yenye televisheni, wengine dirishani, na wazee walioisusia komedi ya Vitimbi kwa kuwa lafudhi ya Mzee Ojwang' iliwaumiza masikio walivyokaa kimya kwa Tausi. Walikuwa hawatazami. Walikuwa wanasikiliza. Lugha ikikaa sawa jini wa nini?

Ndiyo maana nilipoona Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, nilikaa wima. Unguja ya miaka ya 50, Yasmini aliyeozwa mume asiyemtaka, Denge anayepambana na Mwingereza, na Kiswahili kinachotembea kwa miguu yake. Ina ukimya mwingi kuliko kitabu, na kuna mahali nilitamani isukumwe kidogo, picha zimependa mno kujitazama. Lakini inahadithika: niliianza baada ya isha kwa shangazi yangu, ikatufikisha usiku. Subira nayo, ya Ravneet Sippy Chadha, 2018, msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, na kuogelea si kwa wasichana. Sentensi moja tu, na tayari kila mama kisiwani ana la kusema. Hiyo ndiyo alama ya hadithi iliyo hai: hujamaliza, mtu kakukatiza.

(Kando kidogo. The Lion King ilipofika, 1994, tulimpa nyanya muhtasari. Simba anaitwa Simba, sawa. Rafiki, sawa. "Na ngiri?" Pumbaa. Alicheka hadi akashika ubavu. "Waliomwita wajua Kiswahili hao!" Lakini hakuna matata hakuikubali. Hapa kwetu ni hamna tabu, au hakuna neno. Hakuna matata ilikuwa ya kuwaimbia watalii hotelini, kwa hisani ya bendi ya Them Mushrooms na wimbo wao Jambo Bwana.)

Sasa haya mapya. Avengers: Endgame ya 2019 niliitazama kwa saa tatu na nikafurahi, siwezi kusema uongo. Kesho yake jamaa wa pale kahawani Makadara akaniuliza ilikuwaje. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ni filamu ya 22 katika mfululizo wake. Ili nimweleze kwa nini mtu mmoja anapiga vidole na wengine wanalia, ilibidi kwanza nimhadithie 21. Kahawa ingepoa na muuzaji angefunga. Hiyo si hadithi, hiyo ni ukoo, na ukoo wa watu wengine unachosha.

Tamthilia za mtandaoni ndizo zimezidi. Vipindi kumi, kila kimoja saa nzima, na jambo lenyewe lingetosha dakika mia. Wananyoosha kama unga wa chapati uliopungua. Breaking Bad ilikuwa na vipindi 62 na bado ingesimama mkekani: mwalimu wa kemia anaambiwa ana saratani, anaamua kupika dawa za kulevya awaachie wanawe kitu, na polepole tunagundua kwamba anaipenda kazi. Basi. Ukisema hivyo kila mtu anamtaja jirani yake. Ile ya Korea, Squid Game ya 2021, nayo ilipita. Nilipoifikisha kahawani, wazee wenye kofia za vito na vikombe mkononi walisikiliza habari za watu 456 wenye madeni, hawakushtuka. Madeni wanayajua. Walichoshtukia ni mchezo wa gololi, pale jamaa mmoja anapomdanganya mzee aliyechanganyikiwa ili amshinde, na mzee akishindwa anakufa. Mmoja akaweka kikombe chini. "Na huyo mzee alijua kama yuwadanganywa?" akauliza. Swali zuri kuliko yote niliyosoma kuhusu tamthilia ile. Sikumjibu. Nilimwambia mwisho wake ni kesho.

Shangazi yangu, yeye, ameshahamia kwa Waturuki. Zimetiwa sauti ya Kiswahili, masultani na masuria wanasemezana kama watu wa Unguja, naye anazitazama kila usiku na hataki kusemeshwa. Siwezi kumlaumu. Nyuso zile zinakaa. Kamera inamsubiri mtu amalize kuumia.

Nirudi kwa Gabbar.

Nyanya alifariki tukiwa bado hatujakubaliana. Baadaye sana, nikisoma usiku juu ya Sholay kama mtu anayekuna kidonda cha zamani, nikakuta habari ambayo inaelekea dunia nzima iliijua isipokuwa mimi. Ramesh Sippy alikuwa amepiga mwisho mwingine. Filamu ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, India ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi, na wakaguzi wa filamu hawakutaka kuona mtu aliyekuwa afisa wa polisi akichukua sheria miguuni mwake, tuseme hivyo, maana mikono hana. Ikabidi wapige upya, polisi watokee. Mwisho wa kwanza uliishi kwenye kanda za ng'ambo na vipande vya mtandaoni, hadi Juni 2025 ambapo filamu iliyorekebishwa ilionyeshwa Bologna, Italia, na mwisho wake wenyewe umerudishwa.

Nilikitafuta kipande hicho kwenye simu, kibarazani, jua la alasiri limepiga kioo ikabidi nijifunike kanga kichwani ili nione. Thakur anamkanyaga Gabbar. Hakuna polisi. Gabbar anakufa. Na Thakur, kazi aliyoishi kwa ajili yake ikiwa imekwisha, anaangua kilio.

Imekatwa, nyanya alisema, akichambua mchele.

Nikaenda moja kwa moja kwa shangazi, ambaye najua walikwenda pamoja sinema miaka yote ile. Nikamwonyesha. Akatazama, akarudisha simu.

"Tuliiona sote," akasema. "Siku ya wanawake. Polisi walikuja. Nakumbuka, kwa sababu mama alikasirika njia nzima mpaka nyumbani."

"Hakuiona kwenye kanda baadaye? Kwa mtu?"

"Mama na kanda? Hakujua hata pa kuitia. Hakuwapenda polisi tu, basi akawatoa."

"Na huko kulia? Alikujuaje, shangazi? Yeye alisema Thakur alilia."

Muziki wa Waturuki ulikuwa umeshaanza. Shangazi akainua kiganja, macho kwenye televisheni, akaniambia ningoje tangazo la biashara.